Krismasi njema au heri ya sikukuu? Jibu kwa katibu wa SACCOS

Dada mmoja wa Tanga, katibu wa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mwaka jana tuliwatumia wanachama wote meseji ya Krismasi Njema, mzee mmoja Mwislamu akasimama mkutano mkuu akasema chama kimegeuka cha kanisa. Mwaka huu mwenyekiti anataka tuandike Heri ya Msimu wa Sikukuu basi, dini yoyote isitajwe, eti ndio dunia inavyokwenda. Mjumbe mwingine wa bodi, mlokole, anasema tukifanya hivyo tunamfuta Yesu kwenye siku yake. Mimi ndio nabonyeza kutuma. Niandike nini?"

Marahaba mdogo wangu, na pole, maana ukishabonyeza hapo meseji haina kurudi. Kazi yangu miaka mingi ni kuandika na kuhariri meseji za namna hii, za mashule, za vikoba, za maofisi, na nikwambie mapema tu, hapo kwenu sioni kama shida ni neno Krismasi. Ndio maana swali lako nilikurudishia swali kwanza, kwamba Idi iliyopita mliwatumia watu nini, ukanijibu "hatukutuma mwalimu, tulikuwa bize na mahesabu." Haya sasa. Yule mzee kaishi Tanga miaka yote hiyo, pilau la Krismasi kwa majirani kala mpaka basi, hawezi kushtuka leo kusikia Krismasi njema. Kilichomuuma ni kwamba Idi mbili zimepita simu yake kimya, halafu Desemba ikalia. Sasa mkimjibu kwa kuifuta na Krismasi, mtakuwa mmewanyang'anya Wakristo salamu yao na yeye bado hamjampa kitu.

Hilo wazo la mwenyekiti najua lilikotoka, ni ugomvi wa Marekani. Kule Desemba Wayahudi wana Hanuka yao ambayo huangukia karibukaribu na Krismasi, kuna watu hawana dini na wanasema wazi hawana, kuna maduka makubwa yenye wafanyakazi na wateja wa kila aina, kwa hiyo wengi wakaona bora kusema "Happy Holidays" yaishe, na wengine wakaona hiyo ni vita dhidi ya Krismasi, basi kila mwaka wanapigana kwenye tivii, 2015 walifika mpaka kugombania kikombe chekundu cha kahawa cha Starbucks kisa hakikuchorwa mapambo. Na hilo neno lao holiday lenyewe chimbuko lake ni siku takatifu, kwa hiyo hata hao waliokimbia dini hawajafika mbali. Halafu kuna kitu kingine kule kinanifurahisha sana acha nikuchomekee hapa, kuna Kwanzaa, sherehe aliyoianzisha Maulana Karenga mwaka 1966 kwa ajili ya Wamarekani weusi, 26 Desemba mpaka 1 Januari, sio ya kanisa wala msikiti, na salamu yake ni "Habari gani?" kwa Kiswahili kabisa, ila ukijibu "nzuri" umekosea, unatakiwa utaje neno la siku hiyo, siku ya kwanza Umoja, ya pili Kujichagulia, hivyohivyo mpaka Imani. Yaani wenzetu wakitafuta salamu ya sikukuu isiyo ya dini wamekuja kuazima kwetu, na sisi tunakwenda kuazima kwao.

Kwetu hapa mambo hayakukaa hivyo. Hakuna anayeona noma kumtaja Mungu mbele za watu, wimbo wa taifa wenyewe unaanza na Mungu ibariki Afrika na shehe na askofu wanasimama wote. Tunasema serikali haina dini ila watu wake wanazo, na kweli, sensa ya mwisho kuuliza watu dini zao ilikuwa ya 1967. Lakini fungua kalenda ya mapumziko ya serikali hiyohiyo isiyo na dini uone, Ijumaa Kuu imo, Jumatatu ya Pasaka imo, Idi zote mbili zimo, Maulidi imo, Krismasi imo. Njia tuliyochagua sisi haikuwa kunyamazia sikukuu za watu, ilikuwa kuzitaja zote kwa majina yake na kila moja kwa siku yake. Sasa SACCOS ya Tanga ina sababu gani ya kuwa na haya kuliko serikali?

Hiyo "Heri ya Msimu" nayo mimi inanikwaza hata kama lugha, samahani kwa mwenyekiti. Msimu kwa Kiswahili ni wa korosho, wa embe, wa ligi, wa mvua, mtu akikutakia heri ya msimu unajiuliza umelima nini. Ni Kiingereza kimevaa kanzu. "Heri ya Sikukuu" au "Sikukuu njema" hiyo sawa, ni Kiswahili safi na ina kazi yake, kwa mfano lile bango la mlangoni mnalobandika katikati ya Desemba likakaa mpaka wiki ya kwanza ya Januari, linabeba Krismasi na Mwaka Mpya pamoja, hapo sina neno. Ila kumbuka uko pwani. Kwa wazee wengi wa huko sikukuu maana yake ya kwanza ni Idi, ndio maana watu wa Unguja wanahesabu sikukuu pili, sikukuu tatu. Bibi wa Ngamiani hapo Tanga akipata "Sikukuu njema" tarehe 25 Desemba anaweza kuuliza kwani mwezi umeandama lini.

Na yule mlokole wenu mwambie hivi, neno heri lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, kwa hiyo kila Mkristo anayesema Heri ya Krismasi ameshachanganya nyumba mbili kwenye maneno matatu na hakuna aliyedhurika. Akija na lile la kwamba "Xmas" inamfuta Kristo (yapo haya, kila mwaka lazima mtu alete), mwambie ile X ni herufi ya Kigiriki, ya kwanza kwenye jina Kristo, waliianza Wakristo wenyewe wakifupisha. Mimi hata hivyo siiweki kwenye meseji ya ofisi, inaonekana kama mtu aliyekuwa anawahi daladala.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe, na hapa ndio naomba unisikilize vizuri maana watu wanatazama neno kubwa wanasahau neno dogo. "Krismasi njema" ni salamu. "Leo amezaliwa Mkombozi wetu" ni ungamo la imani. Tofauti iko kwenye hiyo "wetu". Mwislamu anaweza kupokea Krismasi njema akajibu ahsante nanyi pia akaendelea na shughuli zake, ila hiyo "wetu" umemwingiza ndani ya kanisa bila kumuuliza. Na upande wa pili vilevile, ofisi ikituma "tusherehekee kuzaliwa kwa Mtume wetu" imeshawasemea Wakristo jambo ambalo hawajalisema. Kwa hiyo taja sikukuu, mafundisho ya sikukuu waachie wenye mimbari. Ukitaka kumtaja Mungu mtaje, "Mwenyezi Mungu awajalie afya na amani" inakubalika pande zote mbili bila shida, Wakristo na Waislamu wote ndivyo wanavyomwita. Mimi nasimamia hapo. Aya ya Biblia sitii, ile dua ya Kiarabu ambayo Waislamu wanaombeana Idi sitii, sio kwa sababu ni mbaya, ni kwa sababu SACCOS haisali.

Halafu anayesalimiwa ni nani? Wengi wanaandika "tunawatakia wanachama wetu Wakristo", na ndivyo hata viongozi wanavyosema kwenye hotuba, nawatakia Wakristo wote na Watanzania wote, sio vibaya. Lakini kwenye meseji inayoingia simu ya mtu mmoja mmoja mimi napenda zaidi "kwa wote wanaosherehekea". Sababu ni kwamba sio kila Mkristo anasherehekea, Mashahidi wa Yehova hawana Krismasi kabisa, wapo na Wasabato wasioipa uzito. Na sio kila Mwislamu anapokea salamu hizo kwa mtazamo mmoja, wapo mashehe wanaosema kumpongeza jirani Krismasi haina ubaya, wapo wanaokataza. Maulidi ndio usiseme, mmoja anaisoma usiku kucha na dufu, ndugu yake tumbo moja anaona ni uzushi. Ukisema "wanaosherehekea" kila mtu anajipanga mwenyewe, na yule Mwislamu aliyealikwa kula kwa jirani naye yumo kama anataka kuwemo.

Jaribu hivi: "Ndugu mwanachama, Krismasi njema kwa wote wanaosherehekea, na mapumziko mema kwa sote. Ofisi imefungwa 25 na 26 Desemba, tunafungua 27. Uongozi." Tarehe za kufungua utabadilisha kulingana na mwaka. Nimeihesabu, ni herufi 144 pamoja na nafasi, na hilo ni la muhimu kwa anayelipia meseji za mkupuo, maana meseji moja ya kawaida inabeba 160, ila ukishaweka emoji moja tu, kale kamti ka Krismasi au kale kamwezi na nyota, au ukiandika Idi kwa herufi za Kiarabu, mtambo unabadilisha aina ya maandishi na uwezo unashuka mpaka 70, kwa hiyo hiyo ya 144 inakatwa vipande vitatu na mnalipishwa mara tatu. Nimeona ofisi inalia bili ya Desemba kumbe aliyewala ni Baba Krismasi mmoja mdogo wa emoji.

Idi unatumia sura ileile kabisa, "Idi Mubarak kwa wote wanaosherehekea, na mapumziko mema kwa sote." Urefu uleule, saa ileile, kama Krismasi ilipata kadi ya rangi na nembo basi na Idi ipate kadi ya rangi na nembo, watu wanapima hivyo vitu kwa macho wala hawakwambii, wanakuja kukwambia mkutano mkuu. Idi njema, Idi Mubarak, Heri ya Idi, zote sawa, chagua moja. Kama mna wanachama Wahindu, na Tanga sitashangaa wakiwepo, Diwali ni Oktoba au Novemba, serikali haipumziki siku hiyo lakini meseji haihitaji gazeti la serikali.

Najua utaniuliza, kwa nini nisigawe orodha mwalimu, Wakristo wapate yao na Waislamu yao? Utagawaje? Kwa majina? Haya nigawie Zawadi, Baraka, Neema, Rehema, Amani, niambie nani anasali wapi. Mimi nina jirani kina Salumu watupu kwenye ukoo na yeye ni mzee wa kanisa. Mtu kabadili dini kwa ndoa, mwingine baba huku mama kule, unamtumia Idi Mubarak mchungaji halafu unaanza kupiga simu za kuomba radhi. Na mkisema mtawauliza kwenye fomu ya uanachama, hapo mnaingia kwenye sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu imani ya dini kwenye taarifa nyeti, kuikusanya kwa ajili ya kutumia salamu ni kujitafutia kesi bure. Tuma kwa wote.

Siku ya kutuma sasa. Krismasi haikimbii, tuma 24 jioni au 25 asubuhi. Idi usiipangie kwenye mtambo wiki moja kabla ukaenda kulala, kuna mwandamo, Bakwata, baraza la Waislamu, wanatangaza usiku, na kuna wanaofuata mwezi wa kimataifa ambao wanaweza kuwa wameshaswali jana yake. Andika bila neno "leo", andika "sikukuu ya Idi", na utume baada ya tangazo, hutagombana na kundi lolote. Pasaka tuma Jumapili. Ijumaa Kuu USITUME heri, hili nalisema kwa herufi kubwa kwa sababu mimi mwenyewe nililifanya, mwaka wangu wa kwanza kazini niliiandikia ofisi fulani "Heri ya Ijumaa Kuu" na kapicha ka maua, nikapigiwa simu na mama mmoja mtu mzima, akaniuliza kwa upole kabisa, mwanangu, kwenu msiba mnapeana heri? Sijasahau mpaka leo. Ashura nayo hivyohivyo, kwa Mashia ni siku ya maombolezo, kaa kimya tu. Na siku hizi Kwaresma na Ramadhani zimekuwa zikikutana, 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi na Jumatano ya Majivu ikawa 5 Machi, hapo meseji moja ya "mfungo mwema kwa wote waliofunga" inawatosha wote wawili na ni Kiswahili chetu hicho, neno mfungo halina kanisa wala msikiti.

Picha pia. Naomba tuachane na theluji, Tanga Desemba shati limegandia mgongoni halafu ofisi inatuma kadi ya kibanda kimefunikwa na barafu. Ule mti unaochanua maua mekundu mwisho wa mwaka, ambao watu wengi wanauita mkrismasi, hebu mpigie picha hapo nje ya ofisi yenu, hakuna dini inayoukataa na wala haujatoka kwenye intaneti.

Kaunta ni habari nyingine. Keshia usimpe sentensi ya kukariri. Na zile kofia nyekundu za Baba Krismasi asilazimishwe mtu, nimeona dada kavaa juu ya hijabu sura imemshuka mpaka wateja wanamwonea huruma, anayependa avae asiyependa aachwe. Keshia aseme "za sikukuu?" basi. Hii ndio salamu tuliyonayo sisi miaka yote, inauliza habari na haimpangii mtu alikuwa anasherehekea nini, ukimuuliza aliyetoka Krismasi atakujibu nzuri tu, aliyeshinda amelala nyumbani naye atakujibu nzuri tu. Mwenyekiti akitaka salamu isiyo na dini mpe hiyo, ilikuwepo kabla yake. Mteja akianza yeye, akasema Krismasi njema au Idi Mubarak, keshia ajibu ahsante na wewe pia, asianze kueleza yeye ni wa wapi.

Usije ukadhani haya ni ya mwaka huu tu halafu yaishe. Idi inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, mwaka 2000 Idi el-Fitri na Krismasi ziliangukia wiki moja, wazee wanakumbuka, na kwa hesabu za mwezi inakuja tena, 2033 Idi el-Fitri inatarajiwa siku chache tu kabla ya tarehe 25 Desemba. Maana yake miaka michache kabla ya hapo Krismasi itakuwa inakuta watu wako ndani ya Ramadhani au wanakaribia kuingia, na ile mistari ya "kula na kunywa kwa furaha" mtakayokuwa mmezoea kunakili kila mwaka itawafikia watu wamefunga. Iandike meseji vizuri sasa hivi isiyotaja chakula, na atakayekufuata kwenye kiti ataikuta.

Kuhusu mzee. Msisubiri Desemba. Idi inayokuja, ukishatuma ya wote, mpigie simu wewe mwenyewe, asipige mwenyekiti, mwambie "Idi Mubarak baba, ile ya mwaka jana tuliteleza." Atacheka, atakuita nyumbani ule, nenda. Huko Tanga kuna nyumba za Kikristo zinamwita Mwislamu aje kuchinja mbuzi wa Krismasi ili jirani yeyote aweze kula, ndio watu unaowaandikia hao, hawana wepesi wa kuvunjika kama bodi yenu inavyofikiri.

Mwisho, la kwako peke yako. Kwenye ile meseji ya mwaka jana uliyonitumia niione, chini ya Krismasi Njema mmeandika "tunakukumbusha rejesho lako la Desemba halijapokelewa". Mdogo wangu. Mimi ningekuwa mzee yule ningelalamikia hiyo kwanza. Rejesho lipe meseji yake, tarehe 28.